Mstari wa Jina la Baba

Karani Okemwa aliisoma fomu kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Alipofika katikati ya ukurasa wa kwanza, kidole kilisimama.

"Wegesa Gisiri," alisema. "Huyu ndiye baba yako?"

"Ndiye," Bhoke alijibu.

"Na hii ndiyo kopi ya kitambulisho chake?"

"Ndiyo hiyo."

Okemwa aliinyanyua ile kopi akaielekeza dirishani, mwanga wa ziwa ukaipenya. Kisha akaishusha mezani polepole, kwa furaha ya mtu aliyenasa samaki bila kuloa.

"Hapa pameandikwa mwanamke."

Kwenye benchi nyuma ya Bhoke walikuwa wamekaa watu watano wakingoja zamu yao. Mazungumzo yao yalikatika.

"Ni mwanamke," Bhoke alisema.

"Baba yako ni mwanamke."

"Kwa desturi ya kwetu, ndiyo."

"Kwenu wapi?"

"Kuria. Upande wa Kehancha."

"Aa!" Okemwa aliegemea kiti chake. "Watu wa mpakani. Mguu mmoja huku, mwingine Tanzania. Madam, mimi nimekaa kwenye meza hii miaka ishirini na moja. Nimeona watu wasio na baba, nimeona watu wenye baba wawili wanaomgombania mtoto. Lakini baba anayevaa leso sijamwona. Nenda ukalete mwanamume."

Mtu mmoja benchini alicheka kwa pua. Okemwa alisukuma fomu hadi ukingoni mwa meza, Bhoke akaidaka kabla haijaanguka. Hapo ndipo vita vilipoanza, mwezi wa Juni mwaka 1994, katika ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, kwenye kisiwa kidogo cha Rikondo, ambako hata mbuzi wanajuana.

Bhoke Gisiri alikuwa muuguzi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amezalisha wanawake wa kisiwa hicho katika kituo kidogo cha afya cha masista. Wenyeji walimwita Nyar Kuria, binti wa Kuria, na wengi walilitamka jina hilo kwa mapenzi, hasa usiku uchungu unapowapata. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Bhoke hakuliweza. Kuna wanawake waliopasuka wakati wa kujifungua, mtoto akafa, na tangu siku hiyo hawakuweza tena kuzuia mkojo. Waume waliwarudisha kwao. Kanisani walikaa karibu na mlango, kisha wakaacha kuja. Bhoke alikuwa na majina sita ya wanawake hao katika daftari lake. La kwanza lilikuwa la Priscah, mwenye miaka kumi na tisa, aliyekuwa akiishi peke yake nyuma ya vichanja vya kuanikia omena ili harufu ya samaki ifunike yake. Kila jioni Bhoke alimwombea kwa jina, na kila asubuhi Priscah aliamka kama alivyolala.

Ndipo Sista Scovia, mkuu wa kituo, alipopata barua. Hospitali moja huko Ethiopia ilikuwa ikiwashona wanawake wa namna hiyo, na ilikubali kumfundisha muuguzi mmoja kutoka Rikondo kwa miezi minane, kila kitu bure. Masharti yalikuwa mawili tu: afike kabla ya Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, na awe na pasipoti. Asipofika, nafasi hiyo ingepewa mtu wa nchi nyingine.

Fomu ilitakiwa ipitie kwa D.O. wa mahali mwombaji anapoishi, naye aitume Kisumu, kwenye ofisi ya pasipoti. Bhoke alikuwa amejaribu Kehancha kwanza, akaambiwa, "Wewe kitambulisho chako ni cha kisiwani, nenda kisiwani." Sasa kisiwani walikuwa wanamwambia alete mwanamume.

Alirudi kwa Okemwa siku ya pili akiwa amejipanga. Alikuwa amesali mpaka magoti yakauma, na alidhani ameshapata maneno.

"Mzee Okemwa," alianza kwa adabu, "naomba nikueleze. Kwetu, mwanamke aliyefiwa na mumewe bila kupata mtoto wa kiume huweza kuoa mke. Anatoa ng'ombe zake mwenyewe, mbele ya wazee. Yule mke huzaa, na watoto ni wa ile nyumba. Inaitwa nyumba ntobhu. Mama yangu aliolewa na Wegesa. Wegesa ndiye aliyetoa ng'ombe, ndiye aliyenipa jina, ndiye aliyenisomesha. Naibu wa chifu alipoandika cheti changu cha kuzaliwa alimwandika yeye mahali pa baba. Hakukosea."

"Na mbegu ilitoka wapi?"

Benchini mtu alisema, "Uuwi," kwa sauti ya chini.

Kwao Bhoke, swali hilo haliulizwi. Mtu anaweza kukutukana kwa umaskini wako, kwa sura yako, hata kwa wafu wako, na bado mkanywa uji pamoja. Lakini mtoto wa nyumba ntobhu haulizwi mbegu. Kumuuliza ni kumvunjia nyumba mchana watu wakitazama.

"Sijui," alisema. "Wala haitafutwi."

"Sisi serikali tunaitafuta. Isije ikawa ilitoka Tarime, tukampa Mtanzania pasipoti ya Kenya." Okemwa alipiga miayo. "Unajua nitakusaidia vipi? Huyu Gisiri ni nani?"

"Ni marehemu mume wa Wegesa."

"Basi! Mwandike Gisiri. Mwanamume kamili. Utaapa kwa wakili Homa Bay kwamba kitambulisho chake kilipotea, mambo kwisha."

"Gisiri alikufa mwaka wa arobaini na tisa. Mimi nilizaliwa sitini na mbili."

"Wafu hawabishani na serikali, madam."

"Hapa chini nimeandika kwamba yote niliyojaza ni kweli. Nimetia sahihi."

Okemwa alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayeona kitu kipya, na hakukipenda. "Umeokoka?"

"Namwomba Mungu."

"Basi mwombe akuletee baba."

Hakutaka chai. Angetaka chai, Bhoke angejua namna ya kumkatalia, na labda namna ya kumripoti. Okemwa alitaka kitu kimoja tu, naye alikuwa tayari kukingoja hata miaka: alitaka kuwa sahihi. Mtu wa namna hiyo ni mgumu kuliko mla rushwa, maana mla rushwa hushiba.

Maneno ya ofisini hayakukaa ofisini. Kufikia Ijumaa, wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu walimwita "daktari wa mama wawili". Mwanamke mmoja aliyekuja kliniki na mimba ya miezi saba alimuuliza, macho yakiwa kwenye sakafu, kama ni kweli Wakuria wanawake huzaa bila mwanamume, na kama jambo hilo huambukiza. Bhoke alimpima shinikizo la damu bila kujibu. Alijua angejibu angelia, na muuguzi anayelia mbele ya mjamzito ni hasara kwa wote wawili.

Sista Scovia alimwita. "Bhoke mwanangu, na huyo Wegesa yuko hai?"

"Yuko."

"Si aje mwenyewe aseme?"

Hilo ndilo jambo Bhoke alilokuwa amelizunguka wiki nzima, kama kuku anavyomzunguka nyoka. Wegesa alikuwa hai, ndiyo. Lakini walikuwa hawajasemezana kwa miaka minne; hata ile kopi ya kitambulisho ilikuwa imebaki tangu siku za masomo.

*

Bhoke alimkuta Wegesa huko Kehancha, kwenye banda la tumbaku, ameketi juu ya gogo, akifunga majani mabichi kwenye fito tayari kwa kukaushwa. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba kama mwiko, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kukusalimu, Tata."

Tata ndilo neno ambalo Wakuria humwitia baba. Katika nyumba nyingine za namna hiyo, watoto humwita yule mwanamke mzee nyanya. Wegesa alilikataa neno hilo tangu Bhoke akiwa anatambaa. "Nyanya hutoa uji," alikuwa akisema. "Mimi nimetoa ng'ombe."

"Salamu haina miguu ya kutembea kutoka ziwani," Wegesa alisema. "Sema unachotaka. Jani linakauka."

Uadui wao haukuwa mgumu kuueleza. Wegesa alioa ili apate wana. Mama yake Bhoke alizaa mtoto mmoja, wa kike, kisha akafa kwa homa Bhoke akiwa darasa la saba. Basi Wegesa akasema haidhuru, msichana naye ataolewa, ng'ombe zitarudi zizini. Akamsomesha. Na Bhoke, alipokwisha kusoma, alikwenda ziwani kuzalisha wake za watu, akawakataa wachumba watatu, akamwambia wa nne usoni, mfugaji mwenye ng'ombe wengi kuliko nywele zake, kwamba ameshajitoa kwa kazi ya Mungu. Siku hiyo Wegesa alisema mbele ya majirani: "Nilijenga nyumba, nikapata mlango usio na komeo. Nenda." Naye Bhoke akaenda.

Sasa alisimama kwenye moshi wa tumbaku, akaeleza. Alieleza kuhusu Priscah na wale wengine watano. Alieleza kuhusu Ethiopia. Wegesa aliendelea kufunga majani, fundo, fundo, fundo.

"Wewe ulikataa kuniletea ng'ombe mmoja," alisema hatimaye. "Na mimi niletwe juu ya maji nikiwa mzee, ili wewe uende mbali zaidi."

"Ndiyo, Tata. Ndivyo ilivyo."

"Angalau huongopi." Alitema mate pembeni. "Siendi."

Bhoke aliinama kuchukua mkoba wake. Alikuwa amemwomba Mungu amlainishe Wegesa, na Mungu alikuwa na sababu zake. Alipofika mlangoni mwa banda, kwa uchungu tu, si kwa hila yoyote, alisema, "Basi yule karani atakuwa ameshinda. Amesema nyumba yetu si nyumba. Aliniuliza mbegu mbele ya watu."

Fundo lilikatika.

"Alikuuliza nini?"

"Mbegu, Tata."

Kuni zilipasuka kwenye tanuri. Wegesa aliweka ufito chini, akajifuta vidole kwa majani, kidole kimoja kimoja.

"Mtu wa wapi huyo?"

"Mkisii. Anaitwa Okemwa."

"Mkisii!" Wegesa alisimama, na magoti yake yakalia kama kuni zile. "Mkisii hajui nyumba ya mwanamke? Kesho asubuhi tunaondoka. Na usifikiri nimekusamehe. Naenda kwa ajili ya nyumba yangu."

*

Wegesa hakuwa amewahi kupanda boti. Tangu Homa Bay hadi Rikondo alifumba macho, akashika ubao kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakumbatia kifurushi cha ngozi kifuani. Hakusema hata neno, isipokuwa mara moja, wimbi lilipomrushia maji usoni: "Haya ndiyo maji uliyoyapenda kuliko zizi langu."

Walifika ofisini saa nne. Benchi lilikuwa limejaa. Okemwa alimwona Bhoke, kisha akamwona bikizee aliyejifunga leso mbili, mdomoni ana kiko kisicho na moto.

"Nilisema ulete mwanamume," alisema.

"Nimekuja," Wegesa alisema kwa Kiswahili chake kizito. "Mimi ndiyo baba ya huyu. Andika."

Benchi lote lililipuka kwa kicheko. Okemwa mwenyewe alitabasamu, akazungusha kalamu. "Shikamoo, mzee mwanamume."

Wegesa hakuitikia. Alifungua kifurushi chake, akatoa vijiti vilivyofungwa kwa ukanda mweusi wa ngozi, vyembamba, vimeng'aa kwa kushikwa. Akavimwaga mezani, juu ya fomu, juu ya mihuri, juu ya chai ya karani.

"Kumi na wanane," alisema. "Kila kijiti ni ng'ombe. Huyu mwenye alama mbili ni yule mwekundu wa pembe moja. Hawa watatu ni madume. Wazee walihesabu jua likiwa hapa." Alionyesha utosi wake. "Nilitoa mimi, si mwanamume. Wewe baba yako alitoa ngapi kwa mama yako?"

Kicheko benchini kilibadilika, sasa hakikujua kimcheke nani.

"Toa takataka zako kwenye meza ya serikali," Okemwa alisema, tabasamu limemtoka.

"Takataka? Wewe ni mtoto wa Kisii. Kwenu mwanamke asiye na mtoto wa kiume hakuoa? Hakuoa? Nitazame! Mjukuu wa nyumba ya namna hiyo yuko kila kilima cha kwenu, na mnakaa naye, mnamwita kwa jina la nyumba, hakuna anayemwuliza mbegu. Leo umevaa tai umekuwa Mzungu!"

"Nyanya, chunga mdomo. Nitaita askari."

"Mwite. Na yeye nitamwuliza ng'ombe za mama yake."

Mlango wa ndani ulifunguka. D.O., kijana mrefu aliyekuwa amehamishiwa kisiwani miezi mitatu tu na alikuwa bado akihesabu siku za kuondoka, alitoka na magazeti mkononi. "Ni kelele gani hii, Okemwa?"

Okemwa alisimama akaeleza, kwa haraka na kwa ufasaha, maana alikuwa amelieleza jambo hilo mara nyingi kichwani. D.O. alisikiliza. Aliokota kijiti kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Alichukua fomu, akaitikisa matone ya chai.

"Mtoto huyu ulimlea wewe?" alimuuliza Wegesa.

"Ni wangu."

"Nauliza, ulimlea?"

"Mbuzi pia nililea. Nimesema ni wangu."

D.O. alipumua kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake. "Sikilizeni. Sina siku nzima. Tutafanya hivi: tunafuta neno baba, tunaandika mlezi. Mlezi, Wegesa Gisiri. Mlezi anaweza kuwa mwanamke, hakuna mtu Kisumu atakayeuliza. Okemwa, begi la barua linaondoka saa ngapi?"

"Saa nane, Bwana D.O."

"Basi fomu hii iwe ndani." Akamgeukia Bhoke. "Madam, uko sawa?"

Bhoke alifungua mdomo kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mlezi. Ni neno jema, hata kanisani lilitumika. Priscah angeshonwa. Wale wengine watano wangeketi tena katikati ya kanisa. Na nani angeumia?

Alimtazama Wegesa. Mzee alikuwa ameanza kukusanya vijiti vyake, kimoja kimoja, kichwa chini. Hakubishana, hakumtazama mtu. Alikuwa akivifunga kwa ukanda ule kama alivyofunga tumbaku, ila safari hii vidole vilikosea fundo, vikakosea tena.

"Mlezi ni wa mtoto aliyeokotwa," Wegesa alisema, akiwa kama anaiambia meza. "Lakini chukua. Mimi nimezoea kutoa bila kurudishiwa."

Ee Bwana, Bhoke aliomba moyoni, nisaidie nisiwe mwoga na nisiwe mjinga. Hakusikia sauti. Alichokiona ni mstari wa chini kabisa wa fomu, juu ya sahihi yake mwenyewe: kwamba yote yaliyoandikwa humu ni kweli.

"Sikubali," alisema.

"Unasema?"

"Mlezi si kweli, Bwana D.O. Sikuokotwa. Andika baba."

"Unaelewa kwamba Kisumu wanaweza kuitupa hii karatasi? Unaelewa Oktoba yako itapita?"

"Naelewa." Aliweka kidole kwenye ule mstari wa chini. "Ikitupwa, itupwe ikiwa na ukweli."

D.O. alimtazama, akamtazama Okemwa, akaitazama saa. Kisha akachukua kalamu, akaandika kando ya mstari ule, akisema kila neno kwa sauti ya hasira: "Mwanamke. Baba kwa mila ya Wakuria. Nimemwona mwenyewe." Akatia sahihi. "Haya. Kisumu wakatae wenyewe, mimi nisisumbuliwe tena. Okemwa, piga muhuri."

Okemwa aliupiga muhuri kwa nguvu hata kikombe kikaruka. Aliitia fomu kwenye bahasha, akaifunga, akaiweka si ndani ya begi bali kwenye droo yake. "Itakwenda," Okemwa alisema, D.O. alipokwisha kurudi ndani. "Kama si leo, wiki ijayo. Kama si wiki ijayo, kuna wiki nyingine."

Wegesa alikuwa mzee, lakini macho yake yalikuwa yamelinda ng'ombe mpakani kwa miaka hamsini dhidi ya wezi wa pande zote mbili. Alizunguka meza, akavuta droo, akatoa bahasha, akaitumbukiza kwenye begi la turubai lililokuwa sakafuni. Halafu akalikalia.

"Ondoka kwenye mali ya serikali!"

"Likiondoka, naondoka."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia saa tano hadi saa nane Wegesa alikaa juu ya begi la barua, kiko mdomoni, watu wakiingia na kutoka wakimruka miguu. Okemwa alimwita mchawi. Wegesa akamwambia mchawi hula watu walionona. Okemwa alimwita kichaa. Akamwambia aendelee kuandika, labda siku moja ataandika kweli. Saa nane mpeleka barua alikuja, na Wegesa aliteremka naye hadi bandarini, mkono mmoja umeshika kamba ya begi. Akapanda boti ileile. Kwa Bhoke hakuaga, ila alipokwisha kuketi alipaza sauti, watu wote wa ufukweni wakasikia: "Bado hujaniletea hata ng'ombe mmoja!"

*

Julai ikapita. Agosti ikapita. Bhoke alifanya kazi, alisali, na kila Jumanne boti ya barua ilipofika alikwenda ofisini akauliza, na kila Jumanne Okemwa alijibu "Bado" kabla hajaulizwa. Alianza kuamini kwamba alikosea. Mara nyingine alimwendea Priscah jioni, wakakaa nyuma ya vichanja, na Priscah hakumuuliza kitu. Hilo lilimuuma kuliko swali.

Jumanne ya tarehe kumi na tatu Septemba, Okemwa hakusema "Bado". Alivuta droo, akarusha kijitabu kipya mezani, kikateleza hadi mkononi mwa Bhoke.

"Kisumu kuna wavivu," alisema. "Hawasomi."

Bhoke alikifungua. Picha yake ilikuwa humo, uso wake umekunjamana kwa hofu ya kamera. Jina: Bhoke Gisiri. Mahali pa kuzaliwa: Kuria. Tarehe. Kazi: muuguzi. Alifungua ukurasa uliofuata, na mwingine. Kurasa nyeupe, zinangoja mihuri.

"Mstari wa baba uko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Pasipoti haina baba, madam. Fomu ndiyo ina baba." Okemwa alikuwa ameshavuta karatasi nyingine mbele yake, anaisoma kwa kidole. "Hakuna pasipoti yenye baba."

"Ulijua?"

"Nimekwambia nina miaka ishirini na moja kwenye meza hii. Mwingine!"

*

Wegesa alikuwa kwenye gogo lilelile. Alinyoosha mkono kabla ya salamu. "Nionyeshe."

Hakujua kusoma. Lakini siku ile ofisini Bhoke alikuwa amemwonyesha kwa kunong'ona jina lake kwenye fomu, naye Wegesa akaishika herufi ya kwanza kichwani: W, kama pembe za fahali wawili waliosimama bega kwa bega. Sasa aliitafuta. Aligeuza ukurasa kwa ukurasa kwa vidole vyeusi, akaacha alama ya utomvu kwenye pembe za kitabu cha serikali, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Sizioni pembe."

"Hawakuandika, Tata. Hawaandiki baba."

"Hapa pameandikwa nini?"

"Gisiri."

"Kwa hiyo Gisiri yumo."

"Yumo. Ni jina langu."

"Gisiri aliyekufa hajakuona. Hajawahi hata kuona boti." Wegesa alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Na mimi niliyelikalia begi simo."

Bhoke alikuwa amelitafuta jibu njia nzima kutoka Migori, kwa maombi na bila maombi. Alichukua kile kitabu, akakigeuza hadi jalada la nyuma, upande wa ndani, palipokuwa na mistari michache ambayo mwenyewe huijaza kwa mkono. Akatoa kalamu kwenye mkoba.

"Hapo ni wapi?" Wegesa aliuliza kwa ukali.

"Ni mahali pa kuandika mtu wa kupelekewa habari. Nikiumia huko. Nikifa."

"Ukifa huko Ethiopia, watakuleta kwa nani?"

"Kwa mtu nitakayemwandika."

"Gharama ya kukuzika ya nani?"

"Ya huyo huyo, Tata."

Wegesa alifikiri. Moshi wa tanuri uliwapitia wote wawili, wakafumba macho kwa pamoja, wakayafumbua.

"Basi hapo ndipo pa baba," alisema. "Pale mbele ni pa mapambo."

Bhoke aliweka kitabu juu ya paja, akaanza kuandika. Wegesa aliinama juu yake, karibu sana, pumzi yake ikinuka tumbaku, akiitazama kalamu kama mtu anayemlinda ndama kwenye kivuko.

"Polepole," alisema. "Na hizo pembe zisimamishe vizuri. Wewe mwandiko wako umelala kama ng'ombe mgonjwa."